Resini kufanana na dhahabu: maswali yenu ya safari hii

Safari hii maswali mengi ni ya vikombe, medali na ngao za resini (ile plastiki ya maji, kama epoksi, unayoimwaga kwenye kalibu ikawa ngumu), naona msimu wa mabonanza umewafikia mafundi. Nimechukua yanayojirudia, yanayofanana nimeyaunganisha.

Fundi, nimemwaga kikombe cha epoksi nikakipuliza rangi ya dhahabu ya kopo, kilivyokauka kimekuwa cha njano tu kama ndoo. Rangi ni feki au shida ni mimi? (Tanga)

Rangi inaweza kuwa nzuri kabisa. Wengi tunadhani dhahabu ni rangi, wakati kinachofanya jicho likubali kwamba hiki ni chuma ni namna uso wake unavyorudisha mwanga. Ndani ya lile kopo kuna vipande vidogo sana, bapa, vya brasi au aluminiamu, vikilala vizuri juu ya uso laini vinarudisha mwanga pamoja na wewe unaona mng'ao, vikikuta mikwaruzo kila kimoja kinatupa mwanga upande wake, basi unabaki na njano. Kwahiyo kazi ipo kwenye msasa. Anza na msasa namba 220 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi) kuondoa mshono wa kalibu, nenda 400, 600, malizia 1000 ya maji, piga praima (rangi ya msingi), pitisha tena msasa laini, halafu piga nyeusi ya gloss, yaani ya kung'aa, na uiache ikauke vizuri. Jiangalie kwenye ile nyeusi, kama huoni sura yako usiguse kopo la dhahabu kwanza, rudi nyuma.

Dhahabu yenyewe ipulize nyepesi nyepesi, koti mbili tatu, usiiloweshe, maana ikiwa maji maji vile vipande vinaogelea na kujikusanya. Nyeusi chini inatoa dhahabu nzito, ya kizamani kidogo, ukitaka yenye joto weka kahawia au nyekundu ya udongo. Na kama utatoa vikombe vingi kwenye kalibu moja, ng'arisha modeli mama, yaani kile cha kwanza unachotengenezea kalibu, kabla hujamwagia silikoni, kwasababu silikoni inanakili kila kitu hadi mng'ao, utajiokolea msasa mwingi sana huko mbele.

Unga wa dhahabu nichanganye kwenye resini au nipake kwenye kalibu?

Inategemea unga gani. Huu unaouzwa kwenye vikopo vidogo kwa watu wa mapambo ya epoksi mara nyingi ni mika, yaani ulanga uliopakwa oksidi, unapendeza ila unatoa mng'ao wa lulu, wa chuma hautapata hata umwage kopo zima. Ukitaka chuma tafuta unga wa brasi halisi.

Ukishaupata, chukua brashi laini kavu, paka ule unga ndani ya kalibu ya silikoni hadi kwenye pembe zote, geuza kalibu gonga ule uliozidi utoke. Kisha changanya resini kidogo na unga mwingi mpaka iwe nzito kama krimu, hiyo ndo koti ya kwanza, izungushe ifunike kuta zote. Ikianza kushika jaza ndani resini ya kawaida uliyotia rangi nyeusi au kahawia ili sehemu nyembamba zisikuumbue. Hapa kuna wanaokata tamaa mapema, maana ukikitoa kinakuwa na rangi ya tope hivi, hakina mvuto hata kidogo. Subiri ikomae kabisa, chukua stilwuli laini kuliko zote, ile 0000, sugua ngozi ya resini itoke na brasi ijitokeze, malizia na Brasso na kitambaa. Mi kwa kazi ya kushikwashikwa naipenda hii kuliko rangi yoyote ya kopo, kwasababu ikichakaa unasugua tena, chini yake bado ni brasi. Itafifia na muda ndio, brasi zote zinafifia.

Rangi inajikunja, inaacha vitundu vya mviringo kama macho. Nimebadilisha kopo lakini wapi. (Mombasa)

Kuna mafuta juu ya resini yako. Ni dawa ya kutolea kalibu, silikoni, vidole vyako, au, kwa nyie wa pwani hasa, ule utando wa kunatanata ambao epoksi nyingi zinautoa zikikauka kwenye hewa yenye unyevu. Kosa la wengi ni kupiga msasa kwanza, hapo unausukumia ule uchafu ndani ya mikwaruzo. Osha kwanza na maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi, suuza, kausha, ndo upige msasa, mwisho pangusa na spiriti kwa kitambaa safi. Kama ni poliesta, ile ya mafundi wa faiba na maboti, na uso bado unanata baada ya siku nzima, hewa ndo imezuia juu kukauka. Ipanguse asetoni, na awamu nyingine funika kwa karatasi ya nailoni ikiwa inakauka.

Nikipiga klia (vanishi isiyo na rangi) mng'ao wote unapotea, inakuwa kijivu kijivu. Nifanyeje?

Rangi zinazong'aa kupita zote ni zile ambazo vipande vyake vinaelea juu kabisa ya rangi, sasa thina iliyo kwenye klia inailainisha rangi inavifumua na mpango wote unavurugika. Acha ikauke hata siku mbili, halafu tumia klia ya maji, upepo mwepesi tu kwanza, ukauke, ndo koti nyingine. Jaribu kwenye kipande chakavu, usijaribu kwenye kazi ya mteja. Na kama kitu kinakaa kwenye kabati la kioo, kwanini unakipiga klia? Kiache.

Karatasi za dhahabu vipi, zinafaa kwa resini?

Zinafaa sana, hasa kwenye nakshi. Dhahabu ya kweli ya karatasi ina unene kama mikroni 0.1, ukiipumulia inaruka, lakini haifubai wala haihitaji klia. Zile za bei nafuu ni shaba na zinki, zinafanana machoni ila usipozifunika zitageuka kahawia. Paka gundi yake nyembamba na usubiri, ukigusa kwa kifundo cha kidole inavuta lakini haiachi kitu mkononi, hapo ndo unalaza. Wengi wanalaza gundi ikiwa bado mbichi na dhahabu inazama. Chini weka nyekundu, mafundi wa fremu na sanamu za makanisa ya Ulaya walipaka udongo mwekundu chini ya dhahabu karne nyingi tu, inapochubuka kidogo panaonekana pazuri.

Kikombe kinapendeza ila mtu akikishika anacheka, chepesi!

Weka uzito kwenye kitako: gololi za beringi, nati mbovu, mchanga mkavu kabisa. Risasi ya kuyeyusha achana nayo, ni sumu. Kombe la Dunia la FIFA lina urefu wa sentimita 36.8 tu na linafika kilo 6.175, dhahabu ya karati 18, hapo huwezi kushindana, ila kitako kizito kinadanganya mkono vizuri tu. Na usione aibu, wakati wa vita kuu ya pili hata tuzo za Oscar zilikuwa plasta iliyopakwa rangi, washindi walibadilishiwa za chuma baadaye.

Barakoa ya hospitali inatosha?

Hapana. Kwa unga na vumbi la msasa vaa ile ya kuchuja vumbi inayobana uso, kwa rangi ya kupuliza na poliesta vaa yenye vichujio vya mvuke pembeni, na milango wazi. Unga wa chuma usiupeperushe karibu na moto, unashika. Rangi za magari za kuchanganya na hadena ziache kwa wenye chumba na vifaa vyake.

Vile vikombe vya plastiki vya dukani wanafanyaje ving'ae hivyo? (Arusha)

Wanavifungia kwenye tangi, wananyonya hewa yote, wanachemsha aluminiamu hadi iwe mvuke inatua juu ya plastiki, inatoka fedha kama kioo. Halafu wanapaka vanishi ya njano inayopitisha mwanga, basi, imekuwa dhahabu. Tangi huna, ila mpangilio unaweza kuuiga: nyeusi ya gloss, juu yake rangi ya kromu nyembamba sana, ikishakauka klia uliyotia tone la njano na kachembe ka chungwa. Ongeza hiyo njano koti kwa koti na usimame mapema, maana ikizidi inakuwa soda ya chungwa na hakuna kurudi nyuma zaidi ya msasa.