Juisi ya chungwa na mishipa ya damu: usitupe ule weupe

Mkuu, umeuliza kama glasi ya juisi ya chungwa kila asubuhi "inazibua mishipa". Haizibui. Mafuta yaliyokwisha kuganda kwenye kuta za mshipa hayatolewi na juisi ya tunda lolote, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakupiga tu. Kinachoweza kufaidika ni ule utando mwembamba wa ndani ya mshipa, endotheli. Utando huo hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza msuli wa mshipa ili utanuke. Sigara, kisukari na presha huuchosha, gesi ikapungua, mshipa ukabaki umekaza.

Kwenye chungwa, kinachohusika ni hesperidini, kiambata cha asili cha machungwa. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la wanaume 24 wenye uzito uliozidi. Kwa zamu za wiki 4, kila mmoja alikunywa nusu lita ya juisi kwa siku, au kinywaji cha kawaida pamoja na miligramu 292 za hesperidini, au kinywaji hicho bila hesperidini. Ile namba ya chini ya presha ilishuka kwa juisi na kwa hesperidini. Watu 24 ni wachache, kwa hiyo vidonge vyako vya presha usiviache.

Sasa, hesperidini nyingi haiko kwenye maji ya chungwa. Iko kwenye ngozi nyeupe na vile viwambo vinavyotenganisha vipande, yaani makapi tunayoyatupa. Wauza machungwa wa mtaani wanamenya vizuri bila kujua: kisu kinaondoa ganda la kijani tu, weupe unabaki. Menya hivyo hivyo, acha weupe wa kama milimita 2. Kata machungwa mawili, toa mbegu ZOTE, saga kwa blenda sekunde 10 hivi, chuja kwa chujio la matundu makubwa au usichuje kabisa. Sukari usiongeze; glasi ya mililita 200 tayari ina kama vijiko vinne vya chai.

Kunywa hapo hapo. Ukiiacha saa kadhaa inakuwa chungu, kwa sababu asidi ya juisi inageuza kitu kisicho na ladha kilichomo kwenye weupe na mbegu kuwa limonini, ambayo ndiyo chungu. Kosa si la chungwa. Hesperidini nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, inatuama chini, kwa hiyo koroga kabla ya kunywa. Na usipime presha baada ya nusu saa ukitafuta mabadiliko: bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoivunja kwanza, inafika kwenye damu kwa wingi baada ya saa 5 hadi 7.

Balungi ni habari nyingine. Lina viambata vinavyoua kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kinachopunguza makali ya dawa, hivyo dawa za presha nifedipini na felodipini, na za kolesteroli simvastatini na atorvastatini, huzidi kwenye damu. Kupishanisha saa chache hakusaidii, maana kimeng'enya huchukua hadi siku 3 kurudi. Danzi, yaani chungwa chungu, liweke kundi hilo hilo. Chungwa tamu halina tatizo hilo, ila linazuia atenololi, dawa nyingine ya presha, isifyonzwe vizuri. Kidonge hicho meza kwa maji. Mwenye figo mbovu au anayetumia spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini) aongee na daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ya juisi ikirundikana inavuruga mapigo ya moyo.