Adimu, au Umepauka Tu?

Safari hii tumepokea maswali mengi kuhusu midoli ya zamani ya wahusika wa TV, ile ya miaka ya 1970 na 1980. Mengi yanazunguka hoja moja: mdoli ulionao ulitoka kiwandani hivyo, au jua, unyevu na mikono ya watu ndivyo vilivyoubadilisha?

Shikamooni. Nina K-9, yule mbwa roboti wa tamthilia ya TV ya Doctor Who, wa kampuni ya Dapol. Rangi yake ni kijani hafifu, na nimeambiwa wa kijani ndiye adimu. Ni kweli? (Msomaji, Upanga)

Marahaba. Ni kweli kwamba Dapol ya Uingereza, ilipoanza kutoa midoli ya Doctor Who mwishoni mwa miaka ya 1980, ilimtoa K-9 akiwa kijani, ingawa kwenye TV ni wa kijivu. Baadaye ikasahihisha. Shida ni kwamba plastiki ya kijivu iliyokaa karibu na dirisha kwa miaka huingia manjano, na manjano juu ya kijivu jicho huweza kuyaona kama kijani.

Toka naye nje, simama kivulini mchana. Usimkague chini ya taa ya ndani, kwa sababu taa nyingi zina rangi yake zenyewe. Mgeuze, kisha linganisha mgongo na tumbo, na uchungulie kwenye mianya ambako jua halifiki. Kijani cha kiwandani kimo ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo utakikuta kila mahali kwa kiwango kimoja. Mgongo ukiwa kijani na tumbo kijivu, huyo amepauka.

Kwa kuwa umeitaja Dapol, usichanganye kosa na uadimu. Meza yao ya kuendeshea TARDIS, chombo anachosafiria Doctor Who, ina pande tano badala ya sita, ila kosa hilo halitoshi kuifanya adimu. Davros, adui wa Doctor Who, ni habari nyingine: wa mwanzo alitoka na mikono miwili, kisha kampuni ikauondoa wa kushoto. Hapo kuna matoleo mawili ya kweli. Anayeuziwa Davros wa mkono mmoja achunguze bega la kushoto kwa lenzi: alama za kisu au msasa maana yake mkono umekatwa nyumbani.

He-Man wangu, yule shujaa wa katuni, ameandikwa 1981 mgongoni. Si yeye wa mwanzo kabisa? (Msomaji, Tandika)

La. Mwaka ulioandikwa mgongoni ni wa hakimiliki. Midoli hiyo ya Mattel iliingia madukani 1982, katuni ikafuata 1983, na mwaka 1981 uliendelea kupigwa migongoni hata kwa vipande vilivyotengenezwa baadaye. Soma nchi badala ya mwaka: Taiwan, Malaysia, Mexico, Ufaransa na kwingineko. Viwanda hivyo havikutumia plastiki wala rangi zilizofanana kabisa, na watafutaji wa matoleo hugawanya He-Man kwa nchi kwanza. Kuna pia vipande visivyo na jina la nchi kabisa, kwa hiyo alama kukosekana si ushahidi wa ubandia peke yake.

Pale soko la Karume nimemwona kasa wa katuni ya Ninja Turtles, kichwa kinabonyea. Nimesikia habari za "kichwa laini". Ninunue? (Msomaji, Buguruni)

Kasa wa kwanza wa kampuni ya Playmates, wa mwaka 1988, walikuwa na vichwa vya raba laini vyenye uwazi ndani. Waliofuata wakapewa vichwa vigumu. Lakini jua la Dar saa sita mchana, mdoli ukiwa juu ya turubai, hulegeza plastiki yoyote ya aina hiyo. Mwombe muuzaji auweke kivulini nusu saa, au nenda asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Mdoli ukishapoa, bonyeza mashavu kwa vidole viwili: kichwa laini kitaingia ndani na kurudi, kigumu kitakataa. Kama huna uhakika na bei si kubwa, mchukue tu. Mabelo mengi ya midoli yana vitu vya karibuni, na kasa wa 1988 haokotwi kila siku.

Nina Data, yule roboti mwenye umbo la mtu wa Star Trek, mwenye uso wa bluu bluu. Jirani anasema umepakwa. (Msomaji, Tegeta)

Kampuni ya Galoob ilitoa midoli ya Star Trek, mfululizo wa The Next Generation, mwaka 1988, na Data alitoka na nyuso za rangi tofauti: wa bluu, wa madoadoa, na wa rangi ya ngozi. Kwa hiyo inawezekana. Tazama kwa lenzi pale uso unapokutana na nywele, kwenye pembe za macho, na chini ya kidevu. Rangi ya brashi huacha michirizi na hujikusanya kwenye mikunjo. Usijaribu kufuta kwa spiriti au asetoni, maana hata rangi halali ya kiwandani itatoka na utakuwa umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

G.I. Joe wangu, yule mdoli wa askari, amekatika kiuno, miguu imeanguka. Nimtupe? (Msomaji, Mbagala)

Usitupe! Kilichokatika ni oringi, pete nyeusi ya raba inayoshikilia miguu kwenye kifua. Raba huzeeka na kukauka, hata kwa mdoli usiochezewa.

Nenda na kipimo kwenye maduka ya vifaa vya bomba Kariakoo: takriban milimita 11 kwa ndani, 16 kwa nje, unene 2.4. Nunua nne au tano, ni za bei ndogo. Fungua skrubu ya mgongoni kwa bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Ikicheza, itakula kichwa cha skrubu. Ikiwa na kutu, weka tone moja la mafuta, subiri saa moja, kisha ufute yote ili yasifike kwenye raba. Tenganisha kifua na mgongo juu ya taulo, vipande visipotee. Oringi inashika ndoano ya chuma ya miguu, inapita katikati ya kiuno, halafu inazunguka nguzo ya skrubu ndani ya kifua. Rudisha kichwa na mikono, funga. Acha kukaza mara tu mabega yanapokamata, kwani ukizidisha kifua hupasuka.

Umeona jinsi mikono inavyotoka kirahisi? Hapo ndipo hila hufanyika. Midoli ya 1982 ina mikono isiyozunguka juu ya kiwiko; kuanzia 1983 inazunguka. Mtu anaweza kuchukua mikono ya mdoli mbovu wa 1982 akaivalisha mwili mwingine. Linganisha rangi ya mikono na kifua, na uchakavu wake. Mikono mipya kwenye kifua kilichokwaruzika haijakua pamoja nacho.

Mdoli ulioingia manjano, niurudishie weupe kwa dawa ya nywele? (Msomaji, Kinondoni)

Kama ni toleo unalodhani ni adimu, hapana. Haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye dawa hiyo huondoa manjano kweli, ila huacha mabaka, hupausha rangi halali, na manjano mara nyingi hurudi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha.

Midoli yangu inanata ingawa ipo kabatini. (Msomaji, Kigamboni)

Ni kilainishi kinachotoka ndani ya plastiki laini, na joto huharakisha. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa kivulini. Usiifunge kwa nailoni inayobana wala mfuko wenye alama ya 3 kwenye pembetatu. Tafuta wenye 2, 4 au 5. Usiache silaha laini imelala juu ya gari la plastiki ngumu: itaacha alama ya kuyeyuka isiyofutika. Hifadhi kwenye boksi lenye mfuniko wa kubana. Kwa boksi la lita 30, anza na gramu 100 za silika (chembe zinazonyonya unyevu) inayobadilika rangi, na ikigeuka uikaushe kwenye oveni. Nguo za midoli ya kampuni ya Mego zenye vifungo vya chuma ziwekee karatasi nyeupe kati ya kifungo na mwili, maana kutu huingia kwenye plastiki na haitoki.

Nikiagiza nje, niombe picha gani? (Msomaji, Sinza)

Mgongo na maandishi yake, viungo vyote, nyayo, na kichwa kutoka chini ya shingo, zote zikiwa zimepigwa kwa mwanga wa mchana. Omba pia risiti yenye bei halisi ndani ya kifurushi, kwa sababu ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli na bima. Mdoli ulio bado kwenye kadi yake ya dukani usafirishwe katika boksi gumu. Bahasha yenye mapovu haizuii kadi kukunjika.