Hiyo chaneli 4 ya Wi-Fi iache, na Jumamosi usiende dukani

Mkuu wa Nyamanoro, subiri. Umeandika kwamba Wi-Fi yako inaganda, programu ya simu imekuonyesha chaneli 4 haina mtu, fundi kakushauri uhamie hapo na upana wa chaneli uupandishe hadi megahezi 40, na Jumamosi unashuka mjini kununua ripita, kile kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele. Huo mpango mimi niliufuata hatua kwa hatua. Ulinigharimu shilingi 505,000 na wanafunzi watatu.

Naishi Mabatini, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na nafundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wangu wako Ujerumani, kwa hiyo vipindi vinaanza saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umesharudi nyumbani na kila mtu kashika simu. Mwaka jana video ikaanza kuganda. Naona mtu kafungua mdomo, sauti inafika baadaye ikiwa vipande vipande. Nikamwita fundi wa duka moja la mjini. Akaja, akatazama simu yake, akasema: "Kaka, 1 imejaa, 6 imejaa, 11 imejaa. Tatu iko tupu kabisa, hapo utakaa peke yako." Akaniwekea 3, akapandisha upana hadi 40 "ili njia iwe pana", akachukua 20,000 yake akaondoka.

Ile wiki hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikampigia. Akasema nyumba yangu ina mawe, ninunue ripita. 75,000. Ripita aliyoniuzia ina redio moja, ambayo kila inachopokea lazima ikirushe tena kwenye chaneli ileile, kwa hiyo muda wa hewani uliokuwa mchache nikaugawa mara mbili. Nikampigia tena. Akasema ruta haina nguvu, akaniuzia nyingine ya antena sita, 190,000, imekaa mezani kama buibui aliyelala chali. Ruta ikipaza sauti unaisikia vizuri, lakini simu yako bado ina sauti ileile ndogo ya kuijibu, na mazungumzo ni ya pande mbili. Mwisho akasema kifurushi ni kidogo. Nikapanda kutoka 55,000 kwa mwezi hadi 110,000, miezi minne. Jumlisha mwenyewe, kwenye kifurushi hesabu nyongeza tu.

Wanafunzi wawili waliniaga kwa heshima. Wa tatu aliacha tu kuingia. Huyo ndiye aliyeniuma, kwa sababu alikuwa ameanza kunisimulia siku yake nzima kwa Kiswahili bila kuchanganya.

Aliyeniokoa ni binti wa jirani, yuko chuo, alikuja kuazima ngazi. Akaniona nahangaika. "Shikamoo anko. Umewahi kupima kwa waya?" Sikuwahi. Fundi naye hakuwahi, na hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwa sababu ni kipimo cha dakika mbili. Akachomeka kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta: spidi yote ninayolipia ilikuwepo, tena ile ya kifurushi cha zamani ingenitosha. Akachomoa, akapima hewani, yaani kwa Wi-Fi, hatua tatu kutoka kwenye ruta. Haikufika hata robo.

"Nani alikuwekea 3, anko?"

"Fundi. Alisema haina mtu."

Akafungua ile grafu kwenye simu, ile inayochora kila mtandao kama kilima. "Angalia. Hiki kilima cha 1, hiki cha 6. Wewe umejenga bondeni, kwenye miguu ya vyote viwili."

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba nawe uelewe kabla hujatoa hela. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ambayo chaneli zetu hizi zipo, namba ya chaneli ni kitovu tu. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni megahezi 5, lakini mtandao wenyewe una upana wa megahezi 20. Chaneli 1 kitovu chake ni megahezi 2412, chaneli 6 ni 2437, chaneli 11 ni 2462. Hiyo 4 yako kitovu chake ni 2427, kwa hiyo inaanzia 2417 na kuishia 2437. Mkono mmoja umeingia kwa watu wa 1, mwingine umeingia kwa watu wa 6. Programu inakwambia hakuna mtandao wenye kitovu kwenye 4. Hilo ni kweli. Lakini hewa yenyewe imejaa kutoka pande zote mbili.

Utauliza, si bora hivyo kuliko kujazana na majirani kwenye 6? Si bora. Waliomo kwenye chaneli moja wanasikilizana. Kila kifaa kabla ya kusema kinasikiliza kwanza, kikisikia mwenzake anaongea kinangoja zamu. Ni kama foleni ya maji: ndefu, lakini ndoo inajaa. Ukikaa katikati, mazungumzo ya wenzako huwezi kuyafasiri, kwako ni kelele, na yako kwao ni kelele. Simama stendi ya Buzuruga kati ya spika mbili za wapiga debe ujaribu kumwelekeza mtu njia kwa simu. Utarudia kila sentensi. Ruta nayo inarudia kila kifurushi cha data kilichoharibika, na huko kurudia ndiko kuganda unakokuona.

Upana wa 40 ndio ulinimaliza kabisa. Ile 3 yangu ilipopanuliwa kwenda juu ilifunika kuanzia chaneli 1 hadi karibu 9. Nilikuwa nabeba kelele za mtaa wote, na mimi nikawa kelele ya mtaa wote. Mama wa nyumba ya chini alilalamika miezi miwili kwamba intaneti yake imeharibika. Nilimfuata nikamwomba radhi.

Binti akaweka 11, upana 20. Akachomoa ripita. Kipindi cha saa mbili usiku ule kilikwenda dakika tisini bila kukatika hata mara moja.

Kwa hiyo mkuu: 1, 6 au 11. Upana 20. Hakuna 3, hakuna 4, hakuna 8. Kati ya hizo tatu usihesabu mitandao tu, angalia nguvu yake, ile namba ya hasi kwenye programu: ikikaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Jirani wa hasi 85 ni mnong'ono, wa hasi 45 yuko sebuleni kwako. Na upimie pale unapokaa na kompyuta. Sisi wa vilimani tukisimama varandani tunasikia ruta za kilima cha pili, maana bonde halina kizuizi. Mimi nje nilihesabu mitandao 34, chumbani nyuma ya jiwe mitandao 11 tu. Ukipimia nje utachagua chaneli ya kukwepa watu ambao ndani hawakufikii.

Oto, ile ya ruta kujichagulia chaneli yenyewe, iondoe pia. Ruta nyingi za bei ya chini huchagua chaneli zinapowaka tu, na umeme ukikatika kisha ukarudi, za mtaa mzima zinawaka kwa mpigo, kila moja inachagua kabla nyingine hazijatulia. Unabaki na uchaguzi huo mpaka umeme ukatike tena. 12 na 13 ziache, kuna vifaa vya soko la Marekani ambavyo havizioni. Kama ruta yako ina gigahezi 5, vifaa vya chumba kimoja na ruta vipeleke huko, chaneli 36, 40, 44 na 48 haziingiliani kwa upana wa 20, ila ukuta zinauogopa zaidi.

Kuna mengine uliuliza, sijui kuhusu kuficha jina la mtandao, wengine watakujibu. Mimi nataka leo jioni, saa mbili, watu wakiwa wamejaa, upime kwa waya, kisha hewani kwenye 4, kisha kwenye moja ya zile tatu kwa upana wa 20, ulete namba hapa. Kama huna kebo, yangu ipo, panda Mabatini uichukue kabla ya hiyo Jumamosi.