Aliichezea au aliwachezea? Na hiyo "aliweza" inatafuta nini hapo?

Msomaji katuma makala yake fupi kuhusu Honus Wagner, shotistopu wa besiboli wa Marekani miaka ile ya 1900, yaani mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, anauliza aandike Wagner "aliichezea" Pittsburgh Pirates au "aliwachezea". Aliichezea, kwa sababu timu ni i-, jina lake la Kiingereza liwe la wingi au la umoja. Ukisema aliwachezea, watu wa pwani watauliza aliwachezea nini, shere?

Hilo limeisha, tuje kwenye linalonikera. Ndugu yangu, makala yenyewe haijazi hata ukurasa lakini kila sentensi umeipachika "aliweza". Wagner "aliweza kuzaliwa" Pennsylvania mwaka 1874, "aliweza kujiunga" na Pirates 1900, "aliweza kustaafu" 1917, halafu maskini ya Mungu "aliweza kufariki" 1955. Aliweza kufariki! Kwani nani kajaribu akashindwa? Haya tunayaokota kwa watangazaji wa mpira, beki "ameweza kupoteza mpira", kipa "ameweza kufungwa", na vijana wanasikia wanadhani ndio Kiswahili cha heshima.

Kuweza ni kitenzi chetu cha siku nyingi, ndicho kilichozaa uwezo na kuwezesha, na wazee wa pwani wakikwambia fulani hawezi ujue anaumwa. Neno lina uzito wake, linataka kuwe na kizuizi na mtu akakivuka. Mchukue Wagner huyohuyo. Mwaka 1911 ana miaka 37, umri ambao wengi wa enzi zile walishaacha kucheza zamani, na bado akaongoza National League, moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, kwa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zake ambazo mpigaji anapiga mpira akafika besi salama, mara yake ya 8. Hapo andika aliweza, tena kwa herufi kubwa ukitaka, mimi nitakupigia makofi. Fainali ya 1903 Boston iliifunga Pirates na Wagner akapiga wastani wa .222 tu, yaani kama mara 2 katika kila zamu 9, hapo "hakuweza" imekaa mahali pake. Lakini 1909 walipokutana na Detroit ya nyota Ty Cobb, fainali, maana kwao ni mfululizo wa mechi, ikaenda mechi 7, Pirates ikachukua ubingwa na Wagner akaiba besi 6, yaani akakimbilia besi ya mbele bila kungoja mwenzake apige mpira, sasa wewe umeandika "aliweza kuiba", umempunguzia mbio mtu wa watu! Aliiba. Basi, inatosha.

Na pale kwenye 1936, uliposema "aliweza kuchaguliwa" kuwa "moja ya wachezaji" 5 wa kwanza kuingia Jumba la Heshima la besiboli, wanakoenziwa magwiji wa mchezo huo, andika alichaguliwa kuwa mmoja wa wachezaji hao, maana mchezaji ni mtu. Hiyo "moja ya" naona imeshaota mizizi hadi magazetini, nimechoka kugombana nayo, nakusahihisha tu bila hasira. Ila zile "aliweza" za kuzaliwa na kufariki zifute leo leo kabla hujamwonyesha mtu mwingine.