Maswali na Majibu: Msichapishe kitenge kabla ya kufungua daftari

Parokia yetu ilikuwa kigango cha Bukumbi. Kwenye kijitabu cha jubilei tuandike kwamba wamisionari walifika Bukumbi 1878? (Kamati ya jubilei, Misungwi)

Hapana, na hii ni mara ya nne mwaka huu nalijibu. Mapadri Weupe, yaani shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, Desemba 1878. Mwezi uliofuata Padri Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kwenda Buganda, wenzao wakafuata. Bukumbi ilianzishwa 1883, baada ya mapadri kuondoka Buganda mwishoni mwa 1882. Mkitaka cha kujivunia, Padri Hirth wa shirika hilo aliwekwa wakfu kuwa askofu hapo hapo Bukumbi, Mei 1890, kwa mikono ya Askofu Livinhac. Na vitenge vya jubilei vichapisheni mwisho. Kuna parokia iliyokosea mwaka kwenye kitenge. Akina mama wa kwaya sasa wanakunja pindo kuuficha.

Mwanza ni Jimbo au Jimbo Kuu?

Jimbo tangu 1953, Jimbo Kuu tangu 1987. Tuendelee.

Babu yangu alibatizwa Ukerewe, lakini ofisi ya parokia inasema hayumo kwenye daftari la ubatizo. (Mjukuu, Nansio)

Mlimtafuta kwa jina gani? Madaftari ya zamani yana Kilatini: Yohana ni Ioannes, Alois ni Aloysius. Jina mnalolitumia leo kama la ukoo huenda ni la babu mwenyewe, naye aliandikwa chini ya la baba yake. Mwaka nao msiukisie kwa "walipokuja mapadri tu". Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo, kwa hiyo sogezeni mbele, isipokuwa kama alibatizwa katika hatari ya kufa.

Mimi ningeanza na ndoa. Daftari la ndoa hukurudisha kwenye ubatizo, na pembeni mwa jina la mbatizwa huandikwa kipaimara na ndoa yake. Nenda siku ya kazi, si Jumapili watu wakiwa wamejaa mlangoni kwa paroko. Na tafadhali, usilambe kidole kufunua kurasa! Daftari nililofungua mwaka jana lilikuwa na duara la kikombe cha chai juu ya majina ya watoto saba, na mchwa walikuwa wamekula kona yote hadi kwenye jina la msimamizi wa ubatizo. Lilikuwa sakafuni, chini ya spika za kwaya.

Picha tuliyo nayo ni ya padri mmoja Mzungu. Tuseme ndiye mwanzilishi?

Semeni alikuwa padri. Aliyefundisha sala kigangoni wiki baada ya wiki, padri akiwa hajafika kwa miezi, ni katekista. Jina lake wajukuu wanalo, waulizeni kabla bibi wa mwisho hajafa. Kijitabu chenye kurasa sita za maaskofu na mstari mmoja wa makatekista kirudisheni kwa mchapaji.

Kanisa la Bujora, kule Usukumani, la duara, na ngoma zile, si upagani?

Nenda kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, uwaone Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma, wakishindana kucheza, kisha uniandikie tena.

Tunabomoa kanisa la zamani. Kengele tuipeleke wapi?

Kengele haipotei kirahisi. Jiwe la msingi ndilo fundi hulitupa na kifusi. Lipigeni picha leo, kabla ya nyundo.