Kapewa Nobel, Kwao Wamemnunia

SWALI: Shikamoo anko. Mi nipo Masasi, mke wangu ni mwalimu, kanihadithia habari za mwandishi wa Austria, Elfriede Jelinek, eti alipewa Nobel 2004 alafu hakwenda kuipokea, na huko kwao watu kibao hawamtaki. Si dharau hiyo? Na mtu anaisema vibaya nchi yake, zawadi anapewaje?

JIBU: Marahaba. Kwanza hela hakuziacha, usije ukamhurumia bure, kroni milioni 10 za Sweden alizichukua vizuri tu. Safari ya Stockholm ndo ilimshinda, alisema ana ugonjwa wa kuogopa umati, akarekodi hotuba kwa video ikaonyeshwa kule, medali akakabidhiwa ubalozini Vienna. Dharau siioni hapo, kuna watu wakiambiwa waseme maneno mawili tu harusini wanaumwa tumbo kweli, sembuse mbele ya mfalme.

La pili ndo lenye nyama. Huyu mama kazaliwa 1946, baba yake mkemia mwenye asili ya Kiyahudi, enzi za Hitler alipona kwa sababu kazi yake ilihitajika kwenye viwanda vya vita, wengi wa ukoo wake hawakupona. Sasa vita ilivyoisha Waaustria wakawa wanasema na sisi tulionewa, sisi ndo wa kwanza kuvamiwa na Hitler, wakati 1938 alivyoingia Vienna watu walijaa uwanjani wanamshangilia. Jelinek hiyo hadithi akaikataa. 1985 ikachezwa tamthilia yake ya Burgtheater, humo akawagusa waigizaji wapendwa kabisa waliocheza filamu za kuwapigia debe Wanazi, na hapo ndo chuki ikaanza rasmi. 1995 chama cha FPÖ, cha mrengo mkali wa kulia, kikaweka jina lake kwenye mabango ya uchaguzi, eti wananchi mnampenda huyu na wenzake au mnapenda sanaa? 2000 chama hicho hicho kikaingia serikalini, naye akakataza tamthilia zake zisichezwe Austria.

We unaita kuisema vibaya nchi, mi siiti hivyo. Sisi huku kusini kila siku tunataka Wajerumani waseme wenyewe habari ya Majimaji na ile njaa yake, na mjusi wetu wa Tendaguru aliyeko Berlin, basi mtu anayetoboa ya kwao bila kubanwa ndo huyo (Austria sio Ujerumani jamani, lugha tu ndo moja).

Ila wanaompinga sio wote wana siasa. Knut Ahnlund, mjumbe wa Akademi ya Sweden yenyewe inayotoa tuzo hiyo, alijitoa 2005 kwa hasira akisema tuzo imeharibiwa, na kweli vitabu vya Jelinek vina matusi na ukatili mwingi na sentensi zinachosha. Die Klavierspielerin ya 1983, ya mwalimu wa piano anayeishi na mama yake mkali anayempekua mpaka kabati, mi mwenyewe niliisoma kwa kupumzika pumzika. Ni riwaya kali lakini. Filamu yake ya 2001 ya Michael Haneke ipo, ila msiiangalie sebuleni na watoto.

SWALI: Anko, Gurnah wetu mbona naye hakwenda Stockholm? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Korona hiyo. Washindi wa 2021 walikabidhiwa kwenye nchi wanazoishi, yeye akapewa London.