Land Rover 109 haina kadi wala pleti, anzia kwenye chesisi

Mkuu uliyeuliza kama hiyo Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) uliyoikuta nyuma ya ghala kule Makambako inaweza kusajiliwa, pole, ila wanaokwambia haisajiliki usiwasikilize sana. Yangu nimehangaika nayo karibu miaka miwili hapa Mbeya na leo ina kadi.

TRA (mamlaka ya mapato, wanaotoa kadi) baadaye, anza na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Kwenye hizi Series II (toleo la pili) na kuendelea namba imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Yangu ilikuwa imezikwa na grisi, tope na rangi juu ya rangi, fundi wangu pale Mwanjelwa ameshawasha grenda atoe kutu, nikapiga kelele mpaka wauza mboga wakageuka. Ukiisaga hiyo namba umekwisha, polisi watakuona wewe ndo mwizi. Loweka na mafuta ya taa, futa na kitambaa, brashi taratibu, halafu paka chaki, pangusa juu juu, mulika tochi kwa ubavu. Zikaanza kutokea moja moja, 2, 5, 2...

Namba inayoanza na 252 ni Series IIA 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kuuzwa nje. IIA ni za 1961 hadi 1971. Sasa kibati cha namba cha ndani ya gari kilikuwa na namba tofauti kabisa, na injini ni ya dizeli! Vyote vimetoka kwenye magari mengine, mafundi wetu wa zamani walikuwa hawatupi kitu.

Namba ya chesisi nikaituma British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, wao ndo wana madaftari ya kiwanda, unalipia wanakupa cheti. Kikaja: imetoka 1967, imepelekwa Dar es Salaam, rangi bluu (mi nilishanunua kijani, basi tena). Kama yako ni 253 ujue ilikuja vipande vipande ikaunganishwa huku, hizo taarifa zake huwa chache. Na hicho cheti ni historia tu, hakikufanyi mwenye gari.

Mwenye gari nilimpata kwa mlango. Nilikwangua rangi kwa wembe zikatokea herufi nyeupe, jina la duka la Tukuyu. Nikaenda nikauliza sokoni, nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane, shikamoo mama, marahaba, akacheka kusikia lile gari bado lipo, akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti limejaa rodi laisensi za miaka hiyo, zina namba ya TZ. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mama! Kwa namba ile ndo faili likapatikana.

Hapo ndo kasheshe, maana kadi ilikuwa jina la marehemu, na marehemu hauzi gari. Watoto wakae kikao, mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, huyo ndo asaini mauziano, ndo uende ukaguzi wa polisi na uhamisho, injini nayo ibadilishwe kwenye kadi. Mirathi peke yake ilikula miezi saba. Katikati dalali akaniletea kadi ya Land Rover iliyokufa eti nigonge namba yake kwenye chesisi yangu, nikamfukuza.

We piga picha ya hiyo namba kabla fundi hajaigusa, tuone inaanzia na ngapi.